Kughushi anwani ya MAC katika skani: je, swichi yako inaona?

Anayetumia `--spoof-mac`, chaguo la Nmap (programu ya kuskani mtandao) la kughushi anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao, akidhani amejifunika joho, mara nyingi huishia kuonekana mara mbili: kwanza kwa anwani aliyoighushi, kisha kwa anwani yake halisi, zote zikidai IP moja. Kwa msimamizi wa mtandao hiyo ni habari njema. Chombo hiki kina kazi moja kubwa na ya maana, nayo ni kuwatahini walinzi wa mtandao wako mwenyewe: swichi, seva ya DHCP (inayogawa anwani za IP), na logi ambazo huenda hakuna mtu amezifungua kwa miezi. Hapa tunaeleza jinsi ya kuendesha mtihani huo, mahali unapokwama, na kwa nini.

Fanya haya kwenye mtandao wako, au kwenye mtandao ambao mwenyewe amekuruhusu kwa maandishi yanayotaja safu ya IP, poti za swichi, tarehe na saa. Ruhusa ya mdomo haitoshi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na Kenya ina sheria yake ya matumizi mabaya ya kompyuta na makosa ya mtandao ya 2018. Kote kuwili kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini ni kosa.

Ijue anwani kabla ya kuighushi

Anwani ya MAC ina biti 48, nasi huiandika kwa tarakimu 12 za heksadesimali. Baiti tatu za kwanza hutambulisha mtengenezaji aliyesajiliwa na IEEE, na tatu za mwisho ni namba anayoipanga mtengenezaji mwenyewe. Tarakimu ya kuitazama kwa makini ni ya pili kutoka kushoto:

- 0, 4, 8 au C: anwani ya mashine moja, yenye namba ya mtengenezaji.
- 2, 6, A au E: anwani ya mashine moja iliyobuniwa papo hapo, isiyo ya mtengenezaji yeyote.
- 1, 3, 5, 7, 9, B, D au F: anwani ya kundi. Haifai kuwa anwani ya mtumaji.

Kosa la wanaoanza huwa kwenye kundi hilo la tatu. Mtu huandika `01:02:03:04:05:06` kwa sababu ni rahisi kukumbuka, kisha Linux inamjibu `Cannot assign requested address`, au swichi inazitupa fremu zake (vifurushi vya data vya mtandao wa ndani) bila kusema neno. Kwa majaribio tumia anwani inayoanza na `02`. Haitagongana na kadi ya kiwandani, na atakayesoma logi ataitambua haraka kuwa ni ya kubuni.

Tahadhari ndogo kwa msomaji wa logi: simu za Android tangu toleo la 10 na iPhone tangu iOS 14 hubuni anwani zao kwenye Wi-Fi. Kuona 2, 6, A au E kwenye Wi-Fi ya wageni si dalili ya uhalifu. Kuiona kwenye poti ya swichi iliyochomekwa printa ni jambo jingine kabisa.

La mwisho la msingi: anwani ya MAC haivuki ruta. Kila ruta huivua fremu na kuivika nyingine yenye anwani yake. Ukiskani seva iliyo kwenye VLAN nyingine (kipande cha mtandao kilichotengwa na vingine) au kwenye intaneti, anwani uliyoghushi inaishia kwenye ruta ya kwanza. Jaribio lote lifanyike ndani ya VLAN moja.

Vinavyohitajika

Kompyuta mbili zenye Linux, swichi moja inayodhibitiwa, na kebo. Usitumie Wi-Fi kwa jaribio hili. Chini ya WPA2 (ulinzi wa Wi-Fi) funguo za usimbaji hutengenezwa kwa kuchanganya anwani ya MAC ya kifaa na ya kituo cha Wi-Fi, kwa hiyo fremu inayotoka na anwani tofauti na ile iliyojiunga haina funguo, na kituo kinaitupa.

Mashine pepe nazo zina mitego. VMware ina mpangilio unaokataa fremu zenye anwani isiyo ya mashine husika, na VirtualBox ina mpangilio unaozuia mashine kupokea fremu zisizo zake. Ukiona skani haipati jibu lolote ndani ya mashine pepe, anza hapo kabla ya kuilaumu Nmap. Kompyuta halisi inakuepusha na hayo yote.

Katika mifano yetu mskani ni 192.168.50.10, mlengwa ni 192.168.50.20 akiwa na SSH na seva ya wavuti, na kadi inaitwa `eth0`. Kwenye Linux za sasa jina linaweza kuwa `enp3s0` au mfano wake. Litazame kwa `ip link`. Ili tusichanganye, "mlango" hapa ni mlango wa TCP, na "poti" ni tundu la swichi.

Hatua ya 1: weka macho kwanza

Kwenye mlengwa washa hivi viwili, kila kimoja kwenye dirisha lake:

```
sudo tcpdump -e -n -i eth0 'arp or host 192.168.50.10'
sudo arpwatch -d -i eth0
```

`-e` ndiyo inayoonyesha anwani za MAC; bila hiyo utaona IP tu. `-d` huifanya arpwatch iandike taarifa zake kwenye skrini badala ya kutuma barua pepe. Kumbuka kwamba kwenye swichi, arpwatch husikia ARP (maswali na majibu ya kutafuta MAC ya IP fulani) za matangazo na zile zinazomhusu yeye tu. Ndiyo maana tunaiweka kwenye mlengwa. Kwa mtandao mzima iweke kwenye kila VLAN, au kwenye poti inayonakili fremu za nyingine.

Kisha mfanye mskani ajulikane kwa anwani yake ya kweli:

```
ip link show eth0
ethtool -P eth0
ping -c 3 192.168.50.20
```

`ethtool -P` hutoa anwani ya kiwandani hata kama ya sasa imebadilishwa. Iandike kwenye karatasi. Ping nayo ina sababu: swichi yenye ulinzi wa poti (kikomo cha anwani za MAC zinazoruhusiwa kwenye poti) huikubali anwani ya kwanza inayoiona. Ukianza na ya kughushi, hiyo ndiyo itakayosajiliwa, na jaribio lako halitakuwa limepima chochote.

Hatua ya 2: ghushi ndani ya skani tu

```
sudo ip link set dev eth0 promisc on
sudo nmap -sS -n -p 22,80,443 --max-rate 10 --spoof-mac 02:11:22:33:44:55 192.168.50.20
```

Nmap itatangaza mwanzoni kwamba inaghushi, na itataja anwani. Mstari huo usipotokea, simama.

`--spoof-mac` inakubali maumbo kadhaa. Ukiipa anwani nzima, itaitumia. Ukiipa tarakimu chache, kwa mfano `0211`, itajaza zilizobaki kwa bahati nasibu. Ukiipa jina la mtengenezaji, mfano `Cisco` au `Apple`, italitafuta kwenye faili la `nmap-mac-prefixes` na kuanza na namba zake. Ukiipa `0`, itabuni yote. Kwa jaribio litakaloandikiwa ripoti, toa anwani nzima. Ripoti isiyotaja anwani iliyotumika haimsaidii anayepitia logi wiki mbili baadaye, na `0` hukupa anwani mpya kila unaporudia.

Sasa kuhusu `promisc`, maana hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Fremu yako inapotoka na `02:11:22:33:44:55`, swichi inajifunza kwamba anwani hiyo iko kwenye poti yako. Mlengwa anajibu, swichi inalileta jibu hadi kwenye kadi yako, na kadi inalikataa kwa sababu halina jina lake. Nmap inasubiri, kisha inasema mlengwa hayupo. Ukiweka kadi kwenye hali ya kupokea kila fremu, jibu linapita. Kuna jambo linalotokana na hili linaloweza kukuchanganya: tcpdump ikiwa wazi kwenye kompyuta ya mskani, nayo huiweka kadi katika hali hiyohiyo, hivyo skani inafaulu, ukiifunga tcpdump, skani inafeli, na unabaki kujiuliza umegusa nini. Hakikisha kwa `ip -d link show eth0` na utafute neno `promiscuity`. Namba ikiwa 0, kadi inachuja.

`-sS` na `sudo` si mapambo. Kughushi kunafanya kazi pale tu Nmap inapotengeneza pakiti yenyewe, kama kwenye skani ya SYN (`-sS`, inayoomba muunganisho bila kuukamilisha) na utambuzi wa mfumo endeshi kwa `-O`. Bila haki za msimamizi Nmap hugeukia skani ya kawaida ya kuunganisha, ambayo hupitia Linux yenyewe, na Linux hutumia anwani halisi. Utambuzi wa matoleo kwa `-sV` na hati za NSE (skripti za Nmap) ni vivyo hivyo. Anayeongeza `-A` anawasha vyote viwili kwa mpigo, kisha anashangaa anwani yake ya kweli imejaa kwenye logi. Hata jina la DNS likitafutwa, swali hilo hutoka na anwani halisi. Ndiyo sababu ya `-n`.

Upande wa mlengwa, arpwatch itaandika `changed ethernet address`. Subiri kidogo, au tuma ping moja kutoka kwa mskani, nayo itaandika `flip flop`: IP ileile imerudi kwenye anwani ya zamani. Hii hutokea kwa sababu mfumo wako haujui lolote kuhusu udanganyifu wa Nmap. Mlengwa anapotangaza "nani ana 192.168.50.10?", Linux yako inajibu kwa uaminifu, kwa anwani ya kiwandani. Jifunze sura ya jozi hiyo kwenye logi. Kati ya alama zote zinazoachwa na skani ya namna hii, hiyo ndiyo rahisi zaidi kuinasa, na haihitaji kifaa cha gharama.

Kuna athari ya pili isiyozungumzwa sana. Katika skani ya SYN ya kawaida, mlengwa akijibu kwamba mlango uko wazi, Linux ya mskani hutuma RST (ujumbe wa kukata muunganisho) na muunganisho unafutwa. Hapa Linux inaona fremu si yake na inaipuuza, RST haitumwi, na mlengwa anabaki na muunganisho wa nusu. Mlengwa mwenye Linux hurudia jibu lake hadi mara 5, jumla yake ikikaribia dakika moja, ndipo anaachana nalo. Kwa seva ya kawaida milango mitatu si kitu. Kwa printa ya zamani au kamera yenye kumbukumbu ndogo, skani ya maelfu ya milango inaweza kuigandisha. Usitumie `-p-` (milango yote) pamoja na `--spoof-mac` kwenye vifaa hivyo saa za kazi.

Hatua ya 3: tahini ulinzi wa poti

Kwenye swichi ya Cisco Catalyst, poti ya mskani iwe hivi:

```
interface GigabitEthernet1/0/5
 switchport mode access
 switchport port-security
 switchport port-security maximum 1
 switchport port-security violation shutdown
```

Rudia ping, kisha rudia skani. Fremu ya kwanza yenye anwani ya pili inapaswa kuifunga poti. Taa inazima, na logi inaonyesha `PSECURE_VIOLATION` pamoja na anwani ya kughushi. Thibitisha:

```
show port-security interface GigabitEthernet1/0/5
show interfaces status err-disabled
```

Kuifungua, ingia kwenye poti, andika `shutdown`, kisha `no shutdown`. Unaweza pia kuruhusu ijifungue kwa `errdisable recovery cause psecure-violation`, ambayo husubiri sekunde 300 usipobadilisha. Sisi tunapendelea ifunguliwe kwa mkono kwenye poti za maeneo ya umma, kama mapokezi na kumbi za mikutano, kwa sababu aliyeifunga huenda bado ameketi hapo.

Poti isipofungwa, sababu ya kwanza ya kutazama ni simu ya mezani. Poti zenye simu na kompyuta huwekewa `maximum 2` au zaidi. Ukichomeka kompyuta bila simu, nafasi moja iko wazi, na anwani ya kughushi inaikalia bila kelele. Sababu ya pili: mtu aliandika `violation protect`, inayotupa fremu bila kuandika chochote kwenye logi. Ibadilishe iwe `restrict` walau, ili ibaki alama.

Hatua ya 4: badilisha kadi nzima

Hii ndiyo sehemu yenye kufunua mengi, na ni kosa kuiruka kwa sababu tu hatua ya 3 ilifaulu.

```
sudo ip link set dev eth0 down
sudo ip link set dev eth0 address 02:11:22:33:44:55
sudo ip link set dev eth0 up
sudo nmap -n -p 22,80,443 192.168.50.20
```

Sasa mfumo wote unaongea kwa anwani moja. Hakuna haja ya `--spoof-mac` wala `promisc`, `-sV` inafanya kazi, na `flip flop` haitokei. Anwani ikirudi yenyewe ya zamani baada ya sekunde chache, NetworkManager imeingilia. Mwambie yeye mwenyewe:

```
nmcli connection modify "Wired connection 1" ethernet.cloned-mac-address 02:11:22:33:44:55
```

kisha zima na uwashe muunganisho. Jina la muunganisho litazame kwa `nmcli connection`.

Tazama swichi. Kwa mpangilio wa hatua ya 3 kuna uwezekano mkubwa poti haikufungwa! Anwani ambazo swichi imejifunza yenyewe hufutwa kebo inapokatika, na amri ya `down` hukata kiungo kwenye kadi nyingi. Kadi isipokikata, chomoa kebo na uirudishe. Matokeo ni yaleyale. Swichi ikaanza upya, ikaiona anwani ya kughushi kwanza, ikaipokea kama mgeni halali. Poti ileile iliyofaulu mtihani wa hatua ya 3 imefeli huu.

Dawa ni kuifanya swichi ikumbuke:

```
 switchport port-security mac-address sticky
```

Rudisha anwani halisi, ongeza mstari huo, tuma ping ili ya kweli isajiliwe, kisha rudia hatua hii. Sasa poti itafungwa hata kebo ikichomolewa.

Lakini usilale hapo. Anwani ya MAC imeandikwa kwenye kibandiko nyuma ya printa, na yeyote anayeweza kukisoma anaweza kuivaa. Mtandao unaotumia 802.1X (kiwango kinachodai kifaa kijithibitishe kabla ya kuingia) huwa na udhaifu huohuo pale unapoviruhusu vifaa visivyojua 802.1X, kama printa na kamera, viingie kwa anwani ya MAC pekee. Ukiwa na ruhusa, chomoa printa ya jaribio, vaa anwani yake kwenye kompyuta, chomeka kwenye poti yake, kisha andika ni mashine zipi unazofikia. Jibu sahihi ni "seva ya uchapishaji na basi". Ukifikia seva ya fedha, tatizo ni VLAN na orodha za ruhusa. Anwani imekuonyesha tu pengo lilipo.

Usifanye hivyo printa halisi ikiwa bado imechomekwa kwingine. Swichi itaiona anwani moja kwenye poti mbili, itaandika `MACFLAP_NOTIF`, na mawasiliano ya pande zote mbili yatakatikakatika. Anwani ya ruta usiiguse kabisa: utaing'oa VLAN nzima.

Wakati huo huo tazama logi ya DHCP. Kompyuta iliyovaa anwani ya printa bado hutuma jina lake, na orodha ya vitu inavyoviomba kwa seva ya DHCP ni ya Linux, si ya printa. Printa inayojitambulisha kwa jina `kali` (Linux ya wapimaji wa usalama) ni kengele isiyohitaji fundi kuisikia. Weka tahadhari ya kulinganisha baiti tatu za mwanzo za anwani na jina la kifaa.

Hatua ya 5: ukaguzi wa ARP

Kama swichi ina ukaguzi wa ARP uliojengwa juu ya DHCP snooping (swichi kuweka kumbukumbu ya IP iliyogawiwa kwa kila MAC), rudia hatua ya 2 ukiwa umezima ulinzi wa poti kwa muda, ili ujue ni mlinzi yupi amefanya kazi. Mskani lazima awe amepata IP yake kwa DHCP. Ukimpa IP ya kuandikwa kwa mkono, swichi itamkataa hata akiwa na anwani halisi, nawe utaandika ushindi ambao haukuwepo. Logi inayotarajiwa ni `SW_DAI-4-DHCP_SNOOPING_DENY`.

`--max-rate 10` tuliyoweka tangu mwanzo ina kazi yake hapa. Poti isiyoaminika huruhusiwa ARP 15 kwa sekunde usipobadilisha, na skani ya /24 (anwani 256 za IP) bila kizuizi huvuka kiwango hicho mara moja. Poti inafungwa kwa sababu ya kasi, na ni rahisi kudhani imefungwa kwa sababu ya kughushi. Soma sababu kwenye `show interfaces status err-disabled` kabla ya kuandika matokeo.

Kurudisha kila kitu mahali pake

Kwenye mskani:

```
sudo ip link set dev eth0 promisc off
sudo ip link set dev eth0 down
sudo ip link set dev eth0 address ANWANI_YA_KIWANDANI
sudo ip link set dev eth0 up
```

Linganisha na karatasi yako. Kama ulitumia `nmcli`, rudisha thamani iwe `permanent`, la sivyo anwani ya kughushi itarudi kila ukiwasha kompyuta.

Kwenye swichi, washa tena ulinzi uliouzima, kisha angalia `show port-security address` kabla ya kuandika `write memory`. Anwani za sticky huingia kwenye mpangilio unaoendelea, na ukihifadhi huku ya kughushi imo, itabaki kuwa ndiyo halali ya poti hiyo hata baada ya swichi kuzimwa na kuwashwa. Asubuhi mwenye meza atachomeka kompyuta yake na kufungiwa nje. Ukiikuta, ifute kwa `clear port-security sticky interface GigabitEthernet1/0/5`, muombe mwenye poti achomeke kifaa chake, hakikisha anwani iliyosajiliwa ni ya kwake, ndipo uhifadhi.